Pai ya Uyoga Mezani kwa Wawindaji

Miaka mitano mfululizo Marit Halvorsrud aliila Sikukuu ya Shukrani pembezoni mwa sahani. Viazi vya kuponda, mkate, na kijiko cha maharage mabichi alichokwisha kukichambua vipande vya nyama ya nguruwe, ambavyo mama yake aliapa ni vya kutia harufu tu. Katikati ya sahani, pale wenzake walipoweka bata mzinga, yeye hakuwa na cha kuweka. Akiulizwa kama ameshiba alijibu ndiyo, kisha akarudi kwake kukaanga mayai kwa hasira.

Mwaka wa sita alikataa.

Kila mwaka LaVonne, mama yake, alibandika kwenye friji orodha ya nani alete nini. Mbele ya jina la Marit paliandikwa "saladi" tangu siku alipoacha nyama, kana kwamba mtu akiacha nyama hugeuka sungura. Safari hii Marit alipiga simu mapema.

"Mama, futa hiyo saladi. Mimi naleta chakula kikuu."

"Chakula kikuu ni bata, mwanangu. Yupo tayari, kilo kumi."

"Basi vitakuwa viwili."

"Hicho chako nani atakila? Kaka yako Duane?"

"Hata yeye."

LaVonne alicheka sana, lakini alifuta.

Sasa kazi ikawa kukichagua. Marit alitaka kitu cha kukatwa kwa kisu, cha kukaa katikati ya meza bila kuona haya, na cha kumshibisha mtu aliyekaa juu ya mti tangu alfajiri akivizia kulungu. Maana huko Wisconsin, Marekani, sikukuu hii huangukia katikati ya msimu wa kuwinda kwa bunduki, na nusu ya ukoo huja mezani kutoka msituni na njaa ya kutisha. Alijaribu mkate wa dengu. Ulishibisha, ila ulikuwa na sura ya kitu ambacho mbwa amekikataa. Boga lililojazwa wali lilipendeza, lakini kila alipolitazama aliona saladi iliyovaa kofia. Nyama bandia ya dukani, ile iliyofinyangwa ikafanana na bata, hakuigusa kabisa. Aliona kuipeleka ni sawa na kuomba radhi, na yeye hakuwa amemkosea mtu.

Jumapili moja akaipata: pai ndefu yenye kuta za unga na siagi, ndani uyoga uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, mchele wa porini unaoota kwenye maziwa ya kaskazini, vitunguu, na jibini kali la kwao, vyote vimeshindiliwa tabaka kwa tabaka. Juu aliacha kitundu cha kutolea mvuke. Alikata kipande, kikasimama chenyewe. Alikila pale pale jikoni, hajakaa hata kitini, akasema kwa sauti, "Haya, njooni sasa!"

Siku ikafika. Saa sita mchana pai iliingia katika oveni ya LaVonne, na Marit akaenda kupanga sahani. Saa saba wawindaji wakaingia wakivua majaketi yao ya rangi ya chungwa. Baba yake, Orlin, alisali sentensi mbili, akaketi. Duane ndiye aliyetangulia kuivamia pai, kwa kejeli.

"Hebu nionje majani ya dada yangu, nisije nikafa sijui ladha yake."

Akatafuna. Akakata kipande kingine, kikubwa.

"Marit wee, umetia nini humu?"

Orlin naye akaongeza. Marit alifurahi. Akainua uma wake, na kabla haujafika mdomoni pua yake ikanasa harufu ya nyama.

"Mama. Umeifanya nini pai yangu?"

"Nilichungulia nikaiona kavu," LaVonne akajibu, uso umemkunjuka kwa wema. "Nikamimina rojo la bata kwenye kile kitundu. Vikombe viwili tu. Si nyama, mwanangu, ni rojo."

Duane alicheka hadi akashika meza. "Kumbe ndiyo maana tamu!"

Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu mama hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliipenda ile pai kwa njia pekee aliyoijua. Viazi vilikuwa pale pale mbele ya Marit, vikimngoja kama miaka yote. Akaweka uma chini.

"Sijala," akasema.

"Si ule viazi," Duane akasema.

"Viazi si chakula kikuu. Na katika nyumba hii pai tamu ya boga haikatwi, wala mtu harudi msituni, mpaka kila mmoja amalize chakula kikuu. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

Alikuwa amekuja na unga na uyoga wa akiba, endapo pai ingepasuka njiani. Akaingia jikoni, akatengeneza pai ndogo ya kujaa bakuli moja, akaisukuma motoni.

"Dakika hamsini," akatangaza.

"Hamsini!" Duane aliruka. "Jua linazama saa kumi na nusu! Kulungu wanaanza kutoka sasa hivi!"

"Kulungu wanashukuru. Leo ni siku ya kushukuru."

"Baba, mwambie huyu!"

Orlin alimtazama binti yake, akautazama mlango, akalegeza mkanda. "Sheria ni sheria. Kaa chini, Duane."

Wakakaa. Baada ya dakika kumi LaVonne aliinuka, akaenda jikoni. Marit alimfuata kwa macho, tayari kuruka. Mama alishika jagi la rojo, akasimama mbele ya oveni, akakitazama kitundu cha pai ndogo kupitia kioo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaliweka jagi nje kwenye ngazi, juu ya theluji, akarudi kitini.

"Nisije nikajisahau," akasema.

Pai ilipotoka Marit aliikata, akakiweka kipande katikati ya sahani, akala taratibu huku ukoo mzima ukimtazama. LaVonne akasogeza sahani yake. Akapewa, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kavu," akasema.

"Kavu kabisa," Marit akajibu, akajikatia kipande cha pili.