Ngolo Nyuma ya Shule

Ilikuwa mwaka tisini na tano, kikao cha wazazi hapa Maguu. Mwalimu Mkuu Ildefonsi alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba Klabu ya Sayansi imefungwa. Eti inawapotezea watoto muda wa masomo! Damu ilinichemka.

Muda gani? Binti yangu Vitalia, darasa la tano, alipata mbili kati ya hamsini kwenye hesabu. Mbili! Nilishamwambia, wewe mwanangu ni wa jembe tu kama mama yako. Aliyemwokoa ni Mwalimu Dorothy, yule mama aliyehamia kutoka Lundo. Baada ya vipindi aliwapeleka wanaklabu mteremkoni nyuma ya shule, wakalima ngolo, mashimo yetu sisi Wamatengo ya kuzuia maji yasiondoke na udongo. Chini yake wakatega makopo, na kila mvua ikinyesha wanapima tope lililoteremka. Wastani, sehemu, asilimia, vyote mtoto alivipata humo humo kwenye tope. Darasa la sita akaleta thelathini na nane.

Basi wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha magari yao huku, Mwalimu Mkuu naye akaingiwa na tamaa. Akaamuru wanaklabu wenyewe wafukie ngolo zote, wapande miche ya kahawa. Vitalia alirudi nyumbani analia, udongo mpaka kwenye nywele.

"Ngolo ni mambo ya bibi zenu," alituambia kikaoni. "Sayansi iko kitabuni."

Mambo ya bibi zetu! Na ugali anaokula yeye unatoka wapi? Nikasimama, nikaita mlangoni.

"Samahani, Mwalimu. Vitalia, njoo na daftari lako."

Mtoto akaingia, akasoma. "Mvua sentimita mbili, kabla ya kufukia: kopo moja la tope. Mvua sentimita mbili, baada ya kufukia: makopo kumi na mawili. Miche iliyokwenda na maji, arobaini kati ya hamsini. Asilimia themanini." Hakukosea popote.

Mwalimu Mkuu akafura. "Nani alikuruhusu kupima? Klabu nilishaifunga!"

Jamani! Hakuuliza hata udongo umekwenda wapi.

"Mimi," nikasema. Uongo mtupu, daftari lenyewe nililiona jana yake tu. "Na kesho nakuja na jembe kuzirudisha ngolo."

Wanawake wakaitikia. Lakini jembe la mwanamke haliwezi kuanza ngolo. Mwanamume ndiye anayefyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba kwanza, ndipo sisi tuzifunike kwa udongo. Na wanaume wote walikuwa wameinamisha vichwa, wanamwogopa Mwalimu Mkuu. Nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja.

Ndipo mume wangu Raimundi, ambaye hajawahi kufungua mdomo kikaoni, akainuka.

"Vitalia, mwanangu. Zinatakiwa nyasi mafungu mangapi?"

Hakuhesabu kwa vidole. "Mashimo ni sita kwa sita, kila upande wa shimo fungu moja. Mistari saba ya mafungu sita sita kwenda, saba kukatiza: themanini na manne, baba."

"Basi nitakata themanini na manne," akasema, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kunoa nyengo yake ya kufyekea. Wanaume wakamfuata.