Kistari Juu ya U

Mwaka 1956 mimi Wakio nilikuwa mpiga taipu wa pekee katika ofisi ya shamba la mkonge karibu na Voi, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha watu wawili. Karatasi ikishapita mashineni kwangu, haiongezwi kitu kwa mkono.

Ndipo Wayua, mke wa Kiilu wa reli, akaniletea barua ya Kikamba iliyoandikwa na mumewe. Ndani yake Wayua alikuwa akimwomba mama yake mzazi msamaha. Miaka minne nyuma aliolewa bila baraka zake, na mama akaapa kwamba binti huyo asikanyage tena kwake Kibwezi.

"Nipigie taipu, dada," akasema. "Mama amejifunza kusoma juzi tu, kwa kitabu cha Injili. Herufi za mkono hazijui. Akishindwa atampelekea mwalimu wa kanisa, na huyo ataisoma mbele ya kijiji kizima. Nitaweka wapi uso wangu?"

"Ondoa wasiwasi. Kesho iko tayari."

"Na hizi alama juu ya u na i, usiache hata moja. Bila alama ni sauti nyingine, mama atakwama."

Zilikuwa vimawimbi vidogo, na mashine yangu ya Kiingereza haikuwa nazo. Wayua akasema basi niziweke kwa penseli. Penseli! Nikapiga u, nikarudisha mashine hatua moja, nikazungusha rola kidogo, nikapiga kistari juu yake. Nilifanya hivyo mara sitini na tatu. Vikatoka vimenyooka badala ya kupinda. Nikamwambia Wayua ni kitu kile kile, na barua ikaenda.

Wiki ya tatu bila jibu nilianza kumkwepa sokoni. Kama mama yule hakuvitambua vistari vyangu, basi kiburi changu kilikuwa kimemwanika binti wa watu. Niliogopa, na nilijichukia.

Asubuhi moja Wayua akaingia ofisini akihema, karatasi mkononi. Ilikuwa na neno moja la penseli, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Njoo! Mama ananiita. Ameandika mwenyewe, dada, mwenyewe!" Akaangua kilio.

Nikaitazama karatasi vizuri: *Ūka*. Juu ya U mama alikuwa ameweka kistari, kimenyooka kabisa, kama changu. Nikalia naye pale pale mbele ya karani mkuu, wala sikuona haya.