Pilipili ya Kando ya Barabara

Profesa Thurlow Beckstead alikuwa bingwa wa pilipili-mwitu ya milima yetu ya jangwani hapa Nevada, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Ni kimea kifupi chenye maua meupe, mbegu zake zinawasha ulimi. Aliandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba hakioti popote ila kando ya barabara. Ushahidi ulikuwa kwenye makabati yangu chuoni: mimea mikavu niliyoibandika kwenye karatasi kwa mikono yangu, kila mmoja na lebo yake, na kila lebo ikisema "kando ya barabara".

Mwaka huo kampuni ya dhahabu ikaomba kuchimba kilele cha mlima. Ofisi ya ardhi ikasema kama pilipili hiyo, inayolindwa kisheria, ipo kileleni, hawachimbi. Kama haipo, ruksa. Nami nilikipenda kilele kile. Nikamfuata Profesa.

"Hebu panda ukaangalie."

"Huko haioti, Verla. Nimeandika."

"Kuandika umeandika. Kufika je, umefika?"

Alininunia siku nzima, kisha akakubali twende, ili tu ninyamaze.

Tukaegesha gari kando ya barabara pale wanapoegesha wataalamu wote, kwenye kivuli pekee cha upande ule. Akapanda akitweta na kuyalaani magoti yake, mimi nyuma yake na maji. Kileleni maua yalikuwa yametanda mpaka ukingoni. Profesa akatafuna mbegu, akatema, akatafuna nyingine.

"Ndiyo yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatia maprofesa.

Akang'oa mmea mmoja na mizizi yake, tukashuka. Garini akafungua soda, akaulaza mmea katikati ya magazeti, akaegemea boneti na kuandika lebo kama alivyozoea: kando ya barabara.

"Profesa, huu tumeutoa juu."

"Lebo huandikwa garini. Ndivyo tunavyofanya wote."

"Wote? Kwa hiyo na ile ya kabatini..."

Akaitazama lebo. Nikajua anakifikiria kitabu chake.

"Basi futa, uandike kilele," nikasema.

"Nikifuta hii, nifute na ngapi? Halafu nani atanisoma tena?" Akachomeka kalamu mfukoni, akawasha gari.

Kwetu lebo haiguswi na mtu ila aliyeiandika. Kwa hiyo siku ya kusikilizwa shauri nilisimama, nikaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Bwana wa ofisi ya ardhi akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe ni mtaalamu, au ni mbandikaji?" Kisha akaisoma lebo kwa sauti. Profesa alikuwa ameketi mstari wa mbele, akivitazama viatu vyake.

Kilele hakipo sasa. Kampuni, kwa shukrani, imeipa barabara ya malori jina la Profesa. Kila majira ya maua mzee huegesha hapo, hufungua soda, huinama kutafuta, na malori humtimulia vumbi.

Juzi alinipigia simu. "Haijaota, Verla. Labda mvua ni chache."

"Tafuta vizuri, Profesa," nikamwambia. "Iko kando ya barabara. Umeandika."