Fundi Nguo wa Msituni

Kabla ya kuingia jeshini, Siméon alikuwa fundi wa nguo Butembo. Waasi walimkamata karibu na Mbau, asubuhi ambayo kikosi chake kilitawanyika. Siku ya tatu walimwona akishona suruali yake kwa mwiba na uzi wa gunia, wakaamua kumwacha hai.

Alishona msituni miaka minne. Walikuwa wakiwavua askari waliokufa na kumletea nguo zao, damu imekauka. Alizifua mtoni, akaziba matundu, waasi wakazivaa ili wanakijiji wadhani ni askari wa serikali. Siméon alijua hivyo, na aliendelea kushona.

Kambi iliposhambuliwa alitoroka, akatembea siku sita hadi Beni. Huko jeshi lilimfungia miezi mitatu, akiulizwa kila siku kwa nini hakuuawa. Mwishowe walimwachilia. Dada yake Adèle alikuja kumchukua, wakarudi Butembo.

Wiki ya pili, Bénite alipiga hodi. Mume wake, Éliakim, alikuwa katika kikosi kimoja na Siméon.

"Yaya Siméon, kaka yangu, ulimuona bwana yangu?"

"Yeye hapana. Niliona chemise yake, ile shati ya kazi. Jina ilikuwa juu ya mufuko."

"Ilikuwa na tundu?"

"Moja."

"Wapi?"

Siméon alitazama mlango. Angeweza kusema kifuani.

"Ku mugongo," akasema.

Jikoni, Adèle aliacha kuosha masufuria.

"Donc alikuwa anakimbia," Bénite akasema.

"Sisi bote tulikimbia."

"Na ile chemise?"

"Niliishona. Mutu mwingine akaivaa."

Bénite akainuka. "Mama mukwe usimuambie. Anasemaka kwa batu kama mutoto wake alikufa mwenye kusimama. Ni ile tu ilimubakia."

Jumapili, baada ya misa, yule mama mzee alimshika Siméon mkono mbele ya kanisa, akamuuliza habari za mwanawe. Siméon akamwambia Éliakim hakurudi nyuma hata hatua moja. Mama akawaita majirani nao wasikie. Ikabidi Siméon arudie mara tatu, na kila mara alijikuta anaongeza kitu: kilima, mvua, maneno ya mwisho. Bénite alikuwa pembeni, akitazama chini.

Siku hizi Siméon anasali upande wa pili wa mji, misa ya alfajiri, ambako hakuna anayemjua.