Aliyefunga, Aliyekagua

Nimefanya kazi na baba mkwe wangu miaka tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia kwamba amekosea. Si kwamba mimi ni mpole. Nyumbani wananiita Pilipili, na aliyenibandika jina hilo ni wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, siku ya tatu tu baada ya kuolewa kwangu, nilipomwambia shangazi yao mbele ya wageni kwamba chumvi aliyotia kwenye mchuzi ingetosha kukaushia samaki. Mdomo wangu hauna breki. Lakini mbele ya Baba, breki hujishika zenyewe.

Baba ni fundi wa mashine za joto na baridi, zile zinazopasha majengo msimu wa baridi na kuyapoza msimu wa jua. Mwanawe, yaani mume wangu, alikimbilia ualimu. Binti yake akafungua duka la vitambaa. Akabaki na mimi, mkwe, niliyekuwa napenda kufungua redio mbovu nione ndani kuna nini. Alinifundisha kila kitu bila kunipandishia sauti hata siku moja. Nyuma ya kifuniko cha kila kifaa tunachofunga, huandikwa mistari miwili kwa wino: Aliyefunga, na chini yake, Aliyekagua. Nikifunga mimi, anakagua yeye. Akifunga yeye, mstari wa chini hubaki mtupu. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nani angemkagua mtu aliyetufundisha wote?

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo sasa nalijutia. Kwa muda wa mwaka mzima, kila tulipofungua kifaa, alisimama nyuma yangu akasema, "Soma." Nami nikasoma waya kwa sauti: nyekundu, bluu, kijani, nyeupe, njano. Moyoni nilinung'unika kwamba miaka yote hii bado nakaririshwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Haikunipitia akilini kwamba yeye ndiye aliyehitaji kusomewa.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mchana wa baridi kali, tukiwa kwenye chumba cha watoto njiti, ghorofa ya juu ya hospitali, chini tu ya paa. Wifi yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki saba kabla ya wakati. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu kasoro kidogo. Mashine mbili za kulelea njiti zilikuwa na pacha wadogo zaidi yake, na akina mama wengine wawili waliwabeba watoto wao vifuani, ngozi kwa ngozi. Wifi hakuweza. Kidonda chake kilimletea homa ya kutetemeka, na Sista, muuguzi mkuu wa chumba kile, alimkataza kumbeba mpaka homa ishuke. Kwa hiyo mtoto wetu alilala peke yake kwenye kitanda kidogo cha plastiki, kofia kichwani, amefungwa blanketi mbili, na tegemeo lake lilikuwa joto la chumba.

Na joto la chumba lilikuwa halitabiriki. Themostati ya zamani, kile kifaa cha ukutani kinachoiamuru mashine ipashe au ipoze, ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na ilikuwa imechoka. Mchana chumba kilikuwa tanuri, alfajiri kikawa jokofu. Hospitali ilinunua mpya, ya kupangiwa saa, ambayo ingeongeza joto yenyewe kabla ya alfajiri bila muuguzi kuamka. Sista alimwita Baba kwa sababu ile ya zamani aliifunga yeye, miaka kumi na minne iliyopita.

Sista hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitupa nusu saa. Chumba kilikuwa na nyuzi ishirini na sita, akasema, na kikishuka chini ya ishirini na mbili atakuwa na watoto watano wa kuhangaika nao na pa kuwapeleka hana, kwa maana wodi ya chini ina baridi zaidi. Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, limefungwa kifungo mpaka cha shingoni, kama siku zote.

Mimi nilipanda paani kuzima umeme na kukagua waya kule kwenye mashine. Parafujo za mlango wake zilikuwa na kutu, zikanichelewesha. Niliporudi chini, robo saa ilikuwa imepita, na Baba alikuwa ameshamaliza. Kifaa kipya kilikaa ukutani, cheupe, safi, kifuniko kimefungwa.

Nilishangaa. Kanuni yake ya kwanza kabisa, aliyonifundisha kabla hata ya kunikabidhi bisibisi, ni kwamba usiutoe waya kwenye kifaa cha zamani kabla hujaubandika utepe wenye herufi ya parafujo yake. Rangi hudanganya, husema siku zote, herufi haidanganyi. Nikapapasa mfukoni. Utepe ulikuwa kwangu, mzima, haujakatwa hata kipande. Nikamtazama. Akaniambia niwashe.

Nikarudisha umeme kule paani, nikashuka, nikawasha. Kioo kikawaka: ishirini na nne. Nikaamuru ishirini na sita, alama ya mwali wa moto ikatokea, na feni ikaanza kupuliza kwenye tundu la hewa lililo juu ya dirisha la mapazia ya njano. Hewa ilikuwa ya baridi. Hilo halikunitia shaka, maana dakika ya kwanza mashine husukuma nje hewa iliyolala kwenye mfereji. Nikaanza kupanga saa: alfajiri, mchana, jioni, usiku. Wifi alikuwa akinitazama kutoka kitandani, midomo imekauka, akajaribu kunitania kwamba leo Pilipili amepewa kazi ya kupasha moto, wamepatana. Nikacheka.

Kisha nikasikia paani mvumo mzito unaokuja na kutulia. Ninaujua kama ninavyoujua mkoromo wa mume wangu. Ni kompresa, na kompresa ya mashine ile haina kazi yoyote kwenye kupasha joto. Inanguruma kwa jambo moja tu, kupoza.

Nikatazama kioo. Ishirini na tatu na nusu. Mwali wa moto ulikuwa pale pale, ukiomba joto. Nikaelewa. Kifaa kilikuwa kinaagiza joto, na agizo linafika paani kama baridi. Chumba kikishuka, kifaa kitaomba zaidi. Kikiomba zaidi, kitashuka zaidi. Hakingesimama chenyewe.

Nilipaswa kusema pale pale. Mimi, niliyemkosoa shangazi wa watu kwa ajili ya chumvi. Lakini Baba alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma, na binti yake akimtazama kwa fahari kutoka kitandani, na Sista yupo, na akina mama wapo. Nikasema kwa sauti ya chini, "Baba, naona mashine inavuma." Akajibu kwamba mashine ikipewa kifaa kipya huwa na mambo yake, tusubiri. Sista akauliza mbona hewa bado ya baridi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba ni kawaida.

Ni kawaida. Neno hilo nimelisema mimi.

Ishirini na tatu. Sista alimpima mtoto wetu kwapani, akasoma nyuzi thelathini na sita na nne, akaongeza blanketi. Ishirini na mbili na nusu. Akapima tena: thelathini na sita na moja. Wifi alijaribu kuinuka, akashindwa, akaanza kulia bila sauti, akinitazama mimi. Zilikuwa zimepita dakika nne. Nitasema wazi, kwa maana mficha uchi hazai: kwa dakika nne niliogopa kumwaibisha baba mkwe wangu kuliko nilivyoogopa kumpoteza mtoto wa wifi yangu. Nilikuwa nikiuita heshima. Ulikuwa woga.

Nikapiga moyo konde. Nikazima kifaa, nikafungua kifuniko, nikampisha.

"Baba," nikasema, "nisomee."

Akanitazama kama aliyesikia lugha ngeni. Kisha akasogea, akainama, uso karibu uguse ukuta. Akaweka kidole kwenye waya wa kwanza. Nyekundu, akasema, na ilikuwa nyekundu. Bluu, kijani, sawa. Kidole kikafika kwenye parafujo ya joto.

"Nyeupe," akasema.

Ilikuwa njano, waya wa kupoza. Njano tupu, kama mapazia yaliyokuwa mbele yetu. Sikujibu. Naye, aliyenisikiliza nikisoma kwa mwaka mzima bila kukosea, alijua maana ya kunyamaza kwangu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatazama tena. Kisha akageuka, mgongo wima, na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Sista, nimekosea. Chumba kinapozwa badala ya kupashwa. Macho yangu hayatofautishi tena nyeupe na njano, na jambo hilo nimelificha. Mkwe wangu anarekebisha sasa hivi."

Akanipa bisibisi. Nilidhani atatoka nje. Badala yake alimwendea Sista, wakanong'ona, nikaona Sista anatikisa kichwa kukubali. Baba akaketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda cha binti yake, akaanza kufungua vifungo, kuanzia cha shingoni. Miaka tisa nilikuwa sijaona hata vesti yake. Akina mama wale wawili waligeuza nyuso dirishani kwa adabu. Sista alimfungua mtoto blanketi, akamlaza kwenye kifua kile chenye mvi, akawafunika wote wawili.

Mimi nikarudi ukutani. Nikatoa utepe mfukoni, nikaandika herufi, nikabandika, japo kila sekunde ilikuwa inaniuma. Nililegeza parafujo mbili. Waya wa njano ukatoka vizuri. Mweupe ukakatika ncha mkononi mwangu, nikalazimika kuumenya upya kwa koleo. Nikaingiza, nikakaza, nikavuta kila mmoja kuona kama umeshika. Nikawasha.

Kioo kikaandika: subiri. Kifaa kile kikizimwa na kuwashwa, hukaa dakika tano kabla ya kuamuru chochote, ili kisiiumize mashine. Ni jambo la maana sana, lipo kwenye kijitabu, na siku ile ningekipiga nyundo. Chumba kilikuwa ishirini na moja na nusu. Wifi alinyoosha mkono akashika mguu wa suruali ya baba yake, akaung'ang'ania. Baba alikuwa amefumba macho, anapumua taratibu, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

Dakika ya tatu Sista akapima. Hakutaja namba, na hilo likanitisha kuliko namba yoyote.

Dakika ya tano kitu kikalia tak ndani ya kifaa. Nikatega sikio paani. Kimya, hakuna mvumo. Feni ikaanza. Hewa ikaja ya baridi, nikahesabu, ikaendelea kuja ya baridi, nikahesabu tena, kisha ikaja harufu ya vumbi linaloungua kwenye koili za joto zilizolala muda mrefu. Watu wengi huichukia harufu hiyo. Mimi nililia. Nikapanda kwenye stuli, nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa, nikakiacha pale mpaka kikapata moto.

Chumba kilipofika ishirini na nne, Sista alipima tena, na mara hii akasoma kwa sauti: thelathini na sita na tano. Akamwambia Baba aendelee kukaa hivyo hivyo, yeye ni mashine nzuri kuliko ile ya paani. Kisha akamwambia, bila kubadilisha sauti, kwamba kliniki ya macho iko ghorofa ya chini, huo huenda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa, na kwamba hataondoka kabla ya kuandikishwa. Baba akakubali kama mwanafunzi.

Ikabaki kuandika kifuniko. Baba hakuweza, mikono yake ilikuwa imejaa. Nikachukua kalamu, nikageuka ili asinione, nikaandika haraka.

"Soma," akasema nyuma yangu.

Nikasoma: Aliyefunga, mimi. Aliyekagua, yeye.

"Futa. Andika kama ilivyokuwa. Aliyefunga ni mimi."

Nikafuta kwa kidole na mate, nikaandika jina lake. Chini yake, kwenye mstari ambao siku zote ulibaki mtupu, nikaandika langu. Herufi zilikwenda upande.

Nilipomaliza kubana kifuniko, alinitazama juu ya kofia ndogo ya mjukuu wake. Macho yake hayakuwa na hasira.

"Ulijua tangu mashine ilipovuma," akasema. "Hata mimi niliisikia, nikaona haya kukiri. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nikasema, ndiyo, Baba, nilijua.

"Dakika nne ni nyingi, mwanangu. Siku nyingine usinionee haya."

Nikaahidi. Wifi, machozi hayajamkauka, akasema kwamba atanikumbusha yeye. Kisha Baba akaomba nimfunike vizuri mabegani, kwa sababu, alisema, baridi ile ilikuwa imemwingia, na mtoto ndio kwanza amelala.