Balbu ya Wamaitha

Jemimah alitoka kazini hospitalini mapema, akapitia kwa jirani yake kumchukua binti yake, Wamaitha. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kabla hajabisha, akamsikia mtoto akiongea Kiswahili.

"Umeme unatoka huku kwa betri, upande wa chanya. Unapita kwa waya, unawasha balbu, halafu unarudi upande wa hasi. Njia ikikatika, balbu inazima."

"Na swichi inafanya nini?"

"Inafungua njia na kuifunga, Bibi."

Jemimah alihisi kitu kikimchoma kifuani. Nyumbani, mtoto huyu wa miaka kumi na mmoja alimjibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kama ameshiba. Na sasa yuko hapa anamweleza mwanamke mwingine habari za umeme kwa Kiswahili, tena anamwita Bibi!

Mwanamke huyo alikuwa Roshanara, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, mwalimu mstaafu wa sayansi. Tangu Jemimah ahamie ghorofa lile la Malvern, huku ughaibuni, ndiye aliyemwangalia Wamaitha kila jioni mama yake akiwa zamu.

"Asante," Jemimah alisema kwa ubaridi alipoingia. "Kesho siendi kazini. Hiyo kazi ya shule tutaimalizia kwangu."

"Vizuri, mwanangu. Chukueni na nyaya hizi."

Ule utamu wa sauti ndio uliomuudhi zaidi.

Kesho yake waliketi mezani na nyumba ya katoni ambayo Wamaitha alitakiwa kuitia taa. Mtoto alipoanza kueleza, Jemimah akamkatiza. "Ngoja, nitakuonyesha." Mtu anayetafuta mishipa ya wagonjwa kila siku angeshindwaje na balbu? Akachukua waya, akabana ncha moja huku na nyingine kule kwenye betri.

"Mama, achia! Umepiga shoti!"

Waya ulikuwa umeshapata moto. Jemimah aliutupa, na Wamaitha akamvuta hadi kwenye sinki, akamshikia kidole chini ya maji baridi.

"Hujapitia kwa balbu," mtoto alisema, bado anahema. "Umeme umepata njia ya mkato. Hakuna kitu cha kuupunguza, ndiyo maana waya unachoma."

Jemimah alisahau maumivu. "Kumbe Kiswahili unakijua hivi! Mbona mimi hunisemeshi?"

Wamaitha aliyaangalia maji. "Nikikosea unacheka. Halafu unampigia Anti Valerie, mnacheka wote. Bibi hacheki."

Ilikuwa kweli. Siku ile ya "kiatu wangu umepotea", Jemimah na dada yake walicheka kwenye simu mpaka machozi. Hakujua kwamba mtoto alikuwa akisikia.

"Nisamehe, mama," Jemimah alimwambia. "Haya, nifundishe. Anza mwanzo."

Wamaitha alimfundisha polepole, pamoja na makosa yake yote ya Kiswahili, na Jemimah hakucheka. Balbu ilipowaka, walipiga makofi pamoja.

Siku ya maonyesho shuleni, Jemimah mwenyewe alimkaribisha Roshanara kwenye gari. Wamaitha alipomaliza kuwaeleza walimu kuhusu nyumba yake, alikimbia kwenye viti vya wazazi na kumkumbatia Roshanara kwanza.

Kile kitu kikamchoma Jemimah tena, palepale kifuani. Akasogea, akampisha mtoto aketi kati yao.