Vyuma Kwenye Benchi la Sauna

Mfuniko wa bodi ya pikapu ulipanda nusu, ukasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ukashuka taratibu mpaka ukalala. Krista akaujaribu tena. Ukafanya vile vile.

"Si nilikuambia?" Baba yake, mzee Urho Ahola, alikuwa amesimama kwenye ngazi za jikoni, kofia imemfunika masikio. "Mkono wangu hauna neno. Vyuma hivyo ndivyo vimezeeka."

Krista alitamani mno iwe hivyo. Kiharusi kilimpitia mzee mwishoni mwa kiangazi, kikamwachia mkono wa kushoto unaoning'inia kama wa kuazima. Wakawekeana ahadi: siku barafu ya ziwa itakapobeba mtu, mzee akiweza kufungua mfuniko wa gari lake peke yake na kutoa vifaa vyake vya kuvulia, funguo zitabaki zake na ataendelea kukaa kwenye nyumba yake. Akishindwa, atahamia kwa Krista mjini, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya duka. Krista alilisema hilo kwa ukali, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Sasa barafu ilikuwa imeshika, naye akaanza kuutafuta ugonjwa wa mfuniko kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Alifagia theluji iliyoulemea. Bado. Akabandua mpira wa pembeni uliogandia kwenye bodi, akatia bawaba mafuta. Bado. Akainama, akachungulia ndani, akaguna. Keekee ya kutobolea barafu, pande zima la chuma, ilikuwa imefungwa kwa skrubu upande wa ndani wa mfuniko, kama walivyozoea nusu ya wanaume wa kando ya ziwa lile.

"Baba! Umegeuza mfuniko kabati?"

"Kabati halijawahi kunigombeza."

Akaifungua keekee, akailaza chini. Mfuniko ukapata nafuu kidogo, kisha ukashuka. Hapo ndipo alipopitisha kidole kwenye vyuma viwili vyembamba vya gesi vinavyousukuma juu. Kidole kikatoka na utelezi wa mafuta. Mpira wa ndani umekufa, gesi inatoroka, na hiyo iliyobaki inanywea kwa baridi.

"Vinavuja, baba! Kweli vinavuja!" Alikaribia kucheka.

"Nikwambie mara ngapi?"

Kwa simu, muuza vipuri alisema vipya vitakuja barabara ikishasafishwa theluji. Lakini ng'ambo ya barabara jirani yao, Waino Pelto, alikuwa akivuta sleji yake kuelekea ziwani.

"Urho! Samaki wanakuulizia! Niwaambie umeolewa mjini?"

"Waambie kesho nakuja kuwaoa wao!" mzee akajibu. Kisha akamgeukia binti yake, sauti imeshuka. "Kesho nafungua. Vipya vije, visije."

Asubuhi Krista alikwenda kwenye kibanda cha sauna, bafu lao la mvuke, nyuma ya nyumba kuchukua taulo za jana. Jiko lilikuwa linawaka. Nani huwasha sauna asubuhi yote hii? Juu kabisa, kwenye benchi ambalo marehemu mama yake alipenda kukaa, vile vyuma viwili vilikuwa vimelala juu ya taulo, vinapata moto kama wazee wawili. Mzee alikuwa ameviondoa kwa mkono mmoja, bisibisi na uvumilivu, mfuniko umeegemezwa gongo la hoki. Gesi ikipata joto husukuma. Alilijua hilo.

Krista alisimama pale, machozi yakimpanda. Kisha akarudi jikoni, akateleka kahawa, akakata mkate wa iliki, akajichelewesha kwa makusudi ili baba yake apate muda wa kuvirudisha. Mungu wangu, aliomba, mwache adanganye.

Alipoitwa, Waino naye alikuwa amefika, mikono mifukoni. Mzee alishika kitasa kwa mkono wa kulia, akavuta. Mfuniko ukapanda wote kwa mkupuo mmoja, ukasimama.

"Umeona, binti yangu?"

"Nimeona, baba."

"Mzee, nguvu bado zimo!" Waino akashangilia.

Urho aliegemea gari. Mkono wake wa kushoto, usio na glovu, akaulaza kwenye ukingo wa bodi upumzike, akaanza kuwasimulia mahali samaki wanapouma mwezi huu. Alikuwa amerudi kuwa yeye. Krista alimtazama usoni, akafurahi, na ndiyo maana akachelewa kuona. Vyuma vilikuwa vinapoa. Mfuniko ulikuwa unashuka kimya kimya. Atautoa mkono, aliwaza. Ukingo ukagusa vidole, ukavilalia. Mzee akaendelea kusimulia.

"Alikuwa mkubwa, Waino! Urefu huu!" Akainua mikono kuonyesha. Wa kulia ulipanda. Wa kushoto haukuja.

"Baba. Mkono wako."

"Mkono una nini?"

Krista aliusukuma mfuniko kwa bega. Vidole vilikuwa vimebadilika rangi, damu ikichuruzika kwenye fundo moja. Mzee aliviangalia kama inavyoangaliwa glovu iliyoangushwa na mpita njia. Waino akainamisha kichwa, akaifuata sleji yake.

"Vipya vikija..." mzee alianza. 

"Nilivikuta saunani, baba. Ilinipasa kusema."

"Najua. Kahawa haichemki asubuhi nzima."

Akapeleka mkono wa kulia kwenye mfuko wa kushoto, akahangaika. Krista hakumsaidia, kumsaidia kungekuwa kumnyang'anya. Funguo zikatoka, zikawekwa kiganjani mwa binti yake, bado zina joto la mwili.

"Vipya ukivifunga, ukaamua kunileta huku siku moja," mzee alisema, "keekee iwemo."

"Itakuwemo."

Krista aliinua keekee kutoka chini, akailaza ndani, akauachia mfuniko. Haukuhitaji kusukumwa.